Utomvu Jichoni Siku ya Posa

Nyumba ya Mzee Kornelio pale Kinondoni watu waliijua kwa harufu kabla ya kuijua kwa namba. Jua likishaanza kuinamia upande wa Manzese, harufu tamu ilipanda ukuta, ikaruka, ikamfuata mpita njia mpaka kwa muuza chipsi wa kona. Wageni wa mtaa waliuliza, nani amevunja chupa ya manukato? Wenyeji walicheka. Siyo manukato, walisema. Ni matarumbeta ya Recho yameamka.

Mti wenyewe haukuwa mkubwa. Ulisimama upande wa mashariki wa nyumba, kati ya ukuta na tangi la maji, mahali ambapo jua la asubuhi liliufikia na lile kali la mchana likaishia kwenye bati. Maua yake yalikuwa meupe, marefu kuliko kiganja cha mtu mzima, na yote yaliinama chini kama watoto waliogombezwa. Mama yake Recho, Filomena, ndiye aliyeleta tawi kutoka Songea, limezongwa kitambaa kibichi. Recho ndiye aliyelilea. Joto la Dar ni adui wa mti wa nchi ya baridi, kwa hiyo aliumwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kuoshea mchele, akaukingia makuti miezi ya kiangazi, akasubiri shina linyooke na kugawanyika panda, maana mti huo hautoi ua hata moja kabla haujagawanyika. Ukagawanyika. Ukachanua. Lakini tunda, miaka yote, haukuwahi kutoa.

"Tasa huo," shangazi yake Marietha alikuwa akisema kila alipopita na ndoo. "Unajipamba tu, kama mwenye mti. Maua kibao, mtoto hakuna."

"Shangazi, nina miaka ishirini na saba tu."

"Ishirini na saba! Mie umri huo nilikuwa nimeshaolewa, nimeshaachika, na nimeshasahau sababu."

Wilfred aliingia nyumba ile kutengeneza friji. Mama Recho aliuza barafu na juisi ya ubuyu, friji ikafa katikati ya joto, ikabidi aitwe fundi kutoka Manzese. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, mrefu, mwenye sauti ya chini, akapiga magoti nyuma ya friji mpaka jua likazama. Kisha harufu ikaingia dirishani, naye akainua kichwa.

"Ni nini hicho?"

Recho alimpeleka uani. Wilfred aliuzunguka mti ule mara mbili kama anayekagua mashine.

"Mbegu zake zikoje?"

"Hauna mbegu. Hauzai."

"Kwa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Wengine walisema tasa, wakapita. Recho akajikuta anaeleza, tena kwa haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusema. "Unakataa vumbi lake wenyewe. Lile vumbi la kiume, tuliloambiwa shuleni linaitwa chavua. Unataka la mti mwingine kabisa. Na kila tarumbeta la mtaa huu limetoka kwenye matawi yangu, kwa hiyo ni mti huu huu mmoja, umehamahama tu."

"Kwa hiyo unangoja mgeni."

"Unangoja mgeni."

Wakatazamana. Wilfred alikuwa ameshika bisibisi kwa upande wa chuma, akajichoma kiganja. Usiku ule friji ilikataa kuwaka. Ilibidi fundi arudi kesho yake, na kesho kutwa, na hata ilipopona kabisa ikawa bado inahitaji kuangaliwa.

Mapenzi yao yalikua hivyo, taratibu, kati ya friji na mti. Jambo zito moja tu Recho alimweleza kabla hajamruhusu kutuma mshenga. Alimweleza habari za Didas.

Didas alikuwa kaka yake, mkubwa wake wa pekee. Mzee Kornelio alikuwa mchonga vinyago, na patasi zake alizirithi kwa baba yake. Unga wa kulevya ulipomchukua Didas, patasi zilianza kupotea moja baada ya nyingine. Kila siku mzee aliuliza, kila siku Didas aliapa, na kila siku mzee aliamini. Aliamini mpaka akamzika. Tangu siku hiyo hakuchonga tena.

"Baba anaweza kukusamehe umaskini," Recho alimwambia. "Anaweza kukusamehe kabila, hata dini. Hilo moja hasamehe."

Wilfred alimshika mkono, na Recho alipoinua macho aliona anamlilia mtu ambaye hakuwahi kumjua.

*

Jumamosi ya kujitambulisha, sebule ya Mzee Kornelio ilipigwa deki mpaka sakafu ikatoa kivuli cha mtu. Wilfred alikuja na mjomba wake Romani, mshenga, mtu mnene mwenye koti la kijivu na maneno mengi. Walichelewa kidogo. Recho alichungulia kutoka jikoni, moyo ukamwenda mbio kwa furaha, kisha ukasita. Wilfred alikuwa amevaa miwani ya jua, na alikuwa anatembea akipapasa ukingo wa mlango.

"Mzee mwenzangu," Romani alianza baada ya salamu na chai, "sisi tulikuwa tunapita zetu barabarani. Tukasikia harufu. Tukasema, nyumba yenye harufu hii lazima ina mtu anayeitunza. Tumekuja kumuuliza kama anaweza kutunza na kwetu."

"Harufu ni ya bure," Shangazi Marietha alidakia. "Mtunzaji siyo wa bure."

"Dada yangu, hata sisi hatukuja na mikono mitupu."

"Na huyo kijana, miwani ya nini ndani ya nyumba? Anaona jua au anaona haya?"

Watu wakacheka. Hata Mzee Kornelio pembe za mdomo zililegea, na Recho, nyuma ya pazia, alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Siku inakwenda vizuri, alijiambia.

"Samahani, baba," Wilfred alisema. "Jicho linanisumbua tangu asubuhi. Mwanga unaliumiza."

"Vua kidogo," Mzee Kornelio alisema, kwa upole. "Nataka kumwona mtu anayeniomba binti yangu."

Wilfred akavua.

Jicho la kulia lilikuwa lile lile, la kahawia, lenye aibu. La kushoto halikuwa jicho la mtu yeyote ambaye Recho alimjua. Mboni ilikuwa imepanuka ikameza rangi yote, jeusi tii, kubwa, linatazama bila kumwona mtu. Machozi yalikuwa yakilitiririka lenyewe.

Kicheko kilikatika. Kijiko kililia ndani ya kikombe cha mtu.

"Umekunywa nini?" Mzee Kornelio aliuliza. Upole ulikuwa umeondoka.

"Sijanywa kitu, baba. Limeanza tu hivi, sijui."

Akaingiza mkono mfuko wa shati kutafuta leso ya kujifutia. Leso ikatoka, na pamoja nayo kikatoka kikaratasi cha fedha, kile cha ndani ya pakiti ya sigara, kimekunjwa vizuri mara nyingi. Kikaanguka mkekani, karibu na mguu wa mzee.

Mzee Kornelio aliinama. Magoti yake yalilia. Alikikunjua kwa vidole vyake vya mchongaji, taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo kabla. Ndani mlikuwa na vumbi laini, jeupe la kufifia.

"Mama Didas," alimwita mkewe kwa jina ambalo hakuwa amelitumia tangu mazishi. "Njoo uone."

Mama Recho alikuja, akaona, akajishika shavu.

"Baba, hilo ni vumbi la ua," Wilfred alisema haraka. "Ua la tarumbeta, la pinki. Liko Sinza, kwenye ukuta wa gesti moja. Nimelichuma mwenyewe asubuhi hii. Nilikuwa namletea Recho."

"Didas aliniambia ni dawa ya mafua. Siku nyingine magadi ya maandazi. Aliniapia kwa Bikira Maria, hapo hapo ulipokaa."

"Mimi siyo Didas, baba."

"Hata yeye kila asubuhi alisema siyo Didas wa jana."

"Mzee mwenzangu," Romani aliingilia, jasho linamtoka, "huyu mtoto namjua tangu anatambaa. Hata sigara hajui."

"Na karatasi ya sigara kaitoa wapi?"

"Kwa mlinzi wa pale," Wilfred alijibu. Akageuka kuelekea pazia. Alikuwa amejua muda wote kwamba Recho yuko pale. "Recho. Njoo uwaambie. Wewe unajua ni nini."

Recho akatoka. Watu wote wakamwelekea.

Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa ndiyo. Lakini alimtazama Wilfred kwanza. Alilitazama lile jicho jeusi, akakitazama kile kikaratasi, na jambo ambalo lilipaswa kumponya ndilo lililomuumiza: kwamba alikuwa ametaja ua. Didas naye alijua kutaja kile unachokipenda. Alipotaka hela ya mwisho ya mama alitaja rozari. Alipotaka redio ya Recho aliimba wimbo wa utotoni. Wilfred hakuwahi kumwambia kwamba kuna tarumbeta Sinza. Hakuwahi hata mara moja. Mbona leo?

Ilikuwa kitambo kidogo, pumzi ya kuvuta na kutoa. Mdomo wake haukufunguka. Na Wilfred akaona.

Hakupandisha sauti. Aliitwaa miwani, akaivaa, akasimama, akapapasa kiti kisimwangushe.

"Asante kwa chai, mama," alimwambia Mama Recho. "Kwaheri, baba. Mjomba, twende."

"Nyumba hii imeshatoa mmoja," Mzee Kornelio alisema nyuma yake. "Haitoi wa pili."

*

Kikaratasi kilibaki mkekani. Hakuna aliyetaka kukigusa. Shangazi Marietha, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alikusanya vikombe kimya kimya.

Recho ndiye aliyekiokota, akitaka kukitupa chooni. Alipokikunja, kitu kikamchoma kidole. Akakikunjua tena. Katikati ya vumbi kulikuwa na vijiti viwili vyembamba, kila kimoja na kichwa kirefu kama punje ya mpunga, kimepasuka ubavuni.

Alivijua. Kila jioni kwa miaka aliviona vikining'inia ndani ya maua yake. Hakuna mtu duniani auzaye unga wenye vijiti vya kiume vya ua.

Alitoka uani, akakaa juu ya ndoo chini ya mti. Vumbi lilikuwa vumbi. Alikuwa ameletewa zawadi ambayo hakuna mwanamke mwingine Kinondoni nzima angeielewa, na yeye ndiye aliyesimama kama jiwe.

Lakini jicho?

Swali hilo lilimjia lenyewe, naye alilichukia, lakini halikuondoka. Vumbi sawa. Jicho lile je? Mtu hapanuki mboni kwa kunusa ua. Akakumbuka Songea, bibi yake akifukuza mbuzi kwenye wigo wa matarumbeta, akiwapigia kelele wajukuu wasile, wasivunje, wakishavunja wanawe mikono. Kwa nini kunawa, bibi hakusema. Recho mwenyewe alivaa glavu daima, mazoea tu ya utoto. Wilfred alikuwa na mazoea gani? Alikuwa fundi, mikono mitupu, asubuhi ya joto, anavunja ua ambalo si lake huku anaharakisha. Jasho lingemtoka. Angejifuta.

Jioni ile hakuvaa glavu. Akavunja kikonyo cha ua moja, utomvu ukatoka kama maji, hauna rangi wala harufu ya ajabu. Akauchukua kwa ncha ya kidole, akajifuta jicho la kushoto.

Halikuwasha. Akangoja. Hakukuwa na kitu. Na ili asikae tu akilia, akaamua kufanya kile alicholetewa.

Alichagua ua lililokuwa tayari kufunguka jioni ile lakini halijafunguka. Akalipasua ubavu kwa wembe, kwa urefu, kama anayefungua maganda ya ndizi mbivu. Ndani akavitoa vijiti vyake vya kiume, vyote, kabla havijamwaga vumbi la nyumbani. Kikabaki kile kimoja cha kike, kirefu, chenye ncha ya kijani inayonata. Akachovya kijiti cha pamba katika vumbi la Sinza, akalipakaza pale nchani, kidogo kidogo, akizungusha. Vumbi lilishika. Akachukua uzi mwekundu wa cherehani yake kulifunga ua lile kikonyoni, alitambue likishaanguka, aone kama kitu kimebaki au hakikubaki.

Uzi ulimshinda. Alijaribu kuupitisha, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Ua lilikuwa mbele ya pua yake na halikuwa na ukingo, lilikuwa ukungu mweupe tu. Akafumba jicho la kulia. Uzi ukapotea kabisa. Kidole chake mwenyewe kikapotea.

Akainuka akakimbilia kioo kilichopachikwa ukutani karibu na bomba, anaponyolea ndevu baba yake. Mwanga wa magharibi uliokuwa ukimwangukia usoni ulimchoma kama sindano. Na pale kiooni, upande wa kushoto, palikuwa na jicho la Wilfred.

*

Mzee Kornelio alilitazama kwa muda mrefu. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye taa, akamgeuza kivulini. Jicho la kulia lilisinyaa na kupanuka. La kushoto lilibaki vile vile, wazi.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Utomvu wa ua, baba. Alichuma kwa mikono mitupu akajifuta jasho. Na hivi hapa vijiti. Vimetoka ndani ya ua. Alikuwa ananiletea."

Mzee aliketi. Aliviweka vile vijiti viwili kiganjani akavitazama kama anayetafuta mshipa wa mti.

"Nimemfukuza mtoto wa watu," alisema.

"Macho ya Didas hayakuwa vile," Mama Recho alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yalikuwa yanasinyaa. Mboni inakuwa kama tundu la sindano. Mie ndiye niliyekuwa nikimfungua macho kuangalia kama anapumua. Nilipomwona yule kijana nilijua siyo lile."

Recho aligeuka. "Mama! Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe, mwanangu. Wewe ndiye unayemjua. Ulipotoka pale ukanyamaza, nikasema, basi kuna kitu anakijua ambacho mie sikijui."

Hakuna aliyemlaumu Recho kwa kauli nyingine baada ya hiyo. Haikuhitajika.

"Kesho uende," Mzee Kornelio alisema mwishowe. "Mwambie arudi. Na mwambie mimi mwenyewe nitafika kwa Romani kuomba radhi. Nitakwenda kwa miguu yangu."

*

Jumapili baada ya misa Recho alichukua bajaji mpaka Manzese. Jicho lilikuwa bado wazi. Alijifunika kanga kichwani ikamshukia usoni, maana jua la saa sita kwenye lami ya Barabara ya Morogoro lilimpiga kama tochi ya polisi.

Karakana ya Wilfred ilikuwa kibanda cha mabati, friji kuukuu zimepangwa nje milango wazi. Alikuwa peke yake, amekaa juu ya kreti, anasugua kompresa kwa kitambaa. Hakuwa na miwani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kurudi, halijafika.

"Karibu," alisema. Akamvutia kreti jingine kivulini, akalipangusa kwa mkono.

"Baba anasema urudi. Ameshajua. Atakwenda kwa mjomba Romani kuomba radhi."

"Mzee wa watu. Mwambie asijisumbue, sina kinyongo naye hata chembe." Alimtazama. "Hilo jicho limefanyaje?"

"Nilijipaka utomvu. Ndiyo uliokufanya vile, Wilfred. Ulichuma ua ukajifuta."

"Kumbe." Aliweka kompresa chini. Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Nilidhani napofuka. Njia nzima kuja kwenu, mjomba ananifundisha maneno ya kusema, mie namwomba Mungu tu. Nasema, nikipofuka sawa, lakini siyo leo. Leo acha nimwone amevaa nini."

Recho alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu lile ua la Sinza?"

"Ningekuambia ingekuwa zawadi gani? Nimelitafuta miezi. Kila nyumba ninayokwenda kutengeneza friji nachungulia uani kama mwizi. Mlinzi wa pale alinifukuza. Ilibidi nimtengenezee feni yake, ndiyo akaniruhusu ua moja."

"Vumbi lako nimelipaka. Jana ile ile."

"Limeshika?"

"Bado mapema kujua."

"Likishika usinitumie picha."

Basi la mwendokasi lilipita katikati ya barabara, mabati yakatetemeka. Recho alingoja lipite. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri, na sasa hayakuwa na pa kukaa.

"Wilfred, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Siyo hilo." Alichukua kitambaa tena, akakikunja, akakikunjua. "Nikuulize kitu kimoja, usinidanganye. Huo utomvu ulijipaka kabla hujamwonyesha mzee, au baada?"

Angeweza kusema baada. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa ameshamnyima neno la kweli siku moja iliyopita, hakuweza kumpa la uongo leo.

"Kabla."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Na vijiti ulikuwa umeshaviona?"

"Nilikuwa nimeviona."

Wilfred alitikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Recho angetoa kila kitu aione hasira pale, maana hasira hupoa.

"Kwa hiyo haikuwa ili mzee aamini," alisema. "Ilikuwa ili wewe uamini."

"Nimezika kaka, Wilfred!"

"Najua. Ulinisimulia, tukalia wote. Baba yako hanijui, angenifungulia mbwa nisingelalamika. Lakini wewe, Recho. Pale sebuleni nilikuwa na jicho moja tu linaloona. Ndilo lililokuona unavyoniangalia."

"Ilikuwa kitambo kidogo."

"Nilikiona chote."

"Basi niambie nifanye nini. Nikuonyeshe nini ujue nakuamini?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Mie na wewe tusije tukawa watu wa kuonyeshana." Aliweka kitambaa chini. "Sikiliza. Kazi hii nayoifanya ina gesi. Kuna siku nitarudi macho mekundu, ulimi mzito, nataka kulala tu. Utanisalimia vizuri, utanipakulia. Halafu nikilala utaingiza mkono mfuko wa shati."

"Sitaingiza."

"Utaingiza, mama. Tena kwa mapenzi. Utaingiza huku unalia. Na hutakuwa na kosa, mie ndiye nitakayekuwa nakutia hofu hiyo kila jioni kwa kurudi tu nyumbani. Nimeiona jana. Siwezi kuwa hofu ya mtu ninayempenda."

"Kwa hiyo unanipenda."

"Nakupenda mpaka najionea huruma."

"Basi kaa."

Wilfred aliinua mkono kama anayetaka kumgusa shavu, akaona una grisi, akaushusha. Recho aliuona mkono ule ukishuka, na hapo ndipo alipojua kwamba yamekwisha. Kama angetaka kubaki, grisi isingemzuia.

Alisimama. Akakosea hatua ya kizingiti, karibu aanguke, maana kila kilicho karibu kilikuwa ukungu. Wilfred akaruka akamdaka kiwiko.

"Huoni vizuri. Ngoja nikuvushe."

Walitembea pamoja mpaka ukingoni, wakavuka nusu ya kwanza, wakasimama kungoja basi refu la bluu lipite. Kiganja chake kilikuwa pale pale kiwikoni, cha moto, kinamshika kama mtu anavyoshika kitu cha wenyewe. Recho aliomba foleni iongezeke. Aliomba yaje mabasi yote ya mji. Likapita hilo moja, barabara ikawa nyeupe.

Upande wa pili Wilfred alimwachia.

"Nawa mikono unapoushika ule mti," alisema. "Na waambie wengine."

Akarudi. Recho hakugeuka kumtazama akivuka. Kwa mbali angemwona vizuri, na ndicho alichokiogopa.

Palikuwa na mama muuza vitumbua chini ya mwavuli uliochanika. Alimwona binti wa watu amesimama juani, kanga imemteremka mabegani, uso umelowa, asiondoke wala asiite bajaji. Akamsogezea kigoda.

"Kaa hapa kivulini, mwanangu. Jicho limeingiwa na nini?"

"Utomvu wa ua, mama."

Yule mama aliinama akamtazama vizuri, la kushoto kisha la kulia, yote yakitiririka machozi.

"Yote mawili?"

Recho alifungua mdomo kumjibu. Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kanga, na mama wa watu, bila kuuliza tena, akaugeuza mwavuli upande wake.